Baba wa Ubatizo wa Depo Nzima

Kwako Maman Domitille wa ukurasa wa maswali gazetini,

Nakuandikia nikiwa na tumbo lililoshiba na roho isiyotulia, maana siku hizi kila ninapokula vizuri nazidi kuharibikiwa, na Jumatatu asubuhi natakiwa kusema jambo moja mbele ya mzungu mmoja ambaye hanywi hata kahawa ya watu, na nikilisema napoteza watu wote nilio nao hapa Bukavu, nisipolisema napoteza kazi na labda narudishwa kwetu Shabunda kwa miguu, basi nipe akili kabla ya siku hiyo kwa sababu yangu imekwisha.

Jina langu ni Philémon. Mimi ni Murega, nilisoma kwa mapadri mpaka mwaka wa tatu, nikaacha kwa sababu mwalimu alikuwa na fimbo na mimi nilikuwa na miguu. Nafanya kazi katika depo ya Leta, yaani ya serikali, ya barabara na madaraja, napakia, napakua, nafagia, nabeba, na jioni mgongo unaniuma kama wa muzee. Tangu nifike huu mji nilikuwa mtu wa peke yangu. Wenzangu wa kambini karibu wote ni Bashi, wenyeji wa hapa, huyu ana baba mdogo Bagira, yule ana shangazi Kadutu, Jumapili wanakwenda kula kwa watu, mimi nabaki na muhogo wangu na chumvi, naongea na sufuria.

Sasa sikia jinsi mambo yalivyoanza. Leta ilileta mapipa ya rangi ya kupaka madaraja ya chuma ya barabara ya Kalehe, rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu, inanuka kama mafuta ya samaki, mapipa yakaingia depo, yakaanza kupungua, na madaraja yakabaki na kutu yao ya siku zote. Sisi wote tuliona na hakuna aliyefungua kinywa. Lakini mtu mmoja, mpaka leo hatujui nani, alipeleka habari Léopoldville, na kule wako watu ambao kazi yao ni kukagua kazi za Leta bila kuwa chini ya wakubwa wa jimbo letu, wanatumwa kutoka mbali, na wakimaliza wanarudisha maneno kwa waliowatuma, shefu wa hapa hasomi kwanza wala hafuti kitu. Ndivyo alivyonieleza mkaguzi mwenyewe.

Alifika Jumanne moja bila kupiga simu wala kutuma mtu mbele, akaingia depo akafunga mlango kwa kufuli aliyoitoa katika mfuko wake. Bwana Shefu wetu, yule mzungu mkubwa wa depo, alimwalika kulala kwake Nguba, mtaa wa wazungu kando ya ziwa, akasema hapana. Constantin, magazinye wetu anayeshika funguo, alimletea kahawa, akasema hapana. Akaletewa kiti, akasema hapana, akafungua kiti chake cha kukunja. Mvua ikanyesha, kapita wetu Télesphore, msimamizi wetu sisi wapakiaji, akamkimbilia na mwavuli, akasema hapana, akalowa mpaka soksi. Kabla ya saa sita depo nzima ilikuwa inamwita Bwana Hapana.

Alihitaji mtu wa kutembea naye mitaani, basi akatupanga mstari, akamwuliza kila mmoja kwa Kiswahili chake cha kitabu, na zamu yangu ikafika.

«Una ndugu hapa Bukavu?»

«Hapana, bwana.»

«Shemeji?»

«Hata moja, bwana.»

«Rafiki?»

Nilifikiri kidogo. «Kuko imbwa moja ya kambi.»

«Basi wewe utatembea na mimi.»

Njiani nilimwuliza kwa nini anakataa mpaka kahawa, maana wenzangu waliona ni dharau. Akasema: «Nikinywa kahawa ya Constantin leo, kesho nitaona haya kumwomba funguo.» Nikaona ni mtu mwenye akili, ila mwenye kiu.

Yeye ndiye aliyegundua jambo la makopo. Mapipa ya rangi yalikuwa yamekauka kwa kuchotwa, lakini kwenye rafu makopo madogo yalikuwa yamejipanga na vumbi juu yake, hakuna aliyeyagusa isipokuwa nafasi ya kopo moja tu ilikuwa wazi. Alisoma kopo, akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tumwone meno. Akanieleza kwamba ndani mna dawa ya kukausha, na kwamba rangi hii ya madaraja haikauki bila dawa ile hata ukiingojea mpaka Pasaka. Watu walichukua rangi wakaacha dawa, kwa sababu kopo halina picha na limeandikwa Kiflama tu.

«Philémon,» akasema, «hatutafuti tena rangi. Tunatafuta vitu vinavyonata.»

Maman, tulitembea Kadutu na Bagira tukigusa milango ya watu kama vichaa. Tulikuta mlango uliojaa majani, nzi na nusu ya bahasha. Tulikuta banda la kuku ambao kila mmoja amekwishiwa manyoya ya upande mmoja. Tulimkuta katekista mmoja ameketi kwenye benchi nje ya nyumba yake, akatuambia anatafakari, lakini aliposimama kutusalimia benchi lilisimama naye. Bwana Hapana alikuwa anakwangua rangi kidogo kwa kisu, anaitia katika bahasha, anamwuliza mwenye nyumba aliipata kwa nani, kila mtu peke yake, mke mbali na mume, halafu anasema aksanti na kukataa ndizi.

Hapo ndipo depo ilipoanza kunipenda.

Constantin alinifuata nyuma ya stoo. «Philémon, siku ya Mungu we unakulaka wapi?»

«Kambini, papa.»

«Peke yako? Sawa mugonjwa?» Akanishika bega. «Bibi yangu Agnès amezaa. Mutoto anakosa baba wa ubatizo. Nikawaza, nani hapa depo iko mutu wa roho nzuri.»

«Papa Constantin, tangu nifike unaniitaka “we wa mwisho kule”.»

«Njo vile tunaitaka batu benye tunapenda.»

Nilikubali, na nani angekataa mtoto. Wiki haijaisha Télesphore naye akakumbuka kwamba ana binti ambaye hakubatizwa, binti mwenyewe ana meno yote na anajua kutukana. Halafu Théodore, mlinzi wa lango, mtu mwenye masharubu mazito ambaye amekuwa mkatekumeni tangu wakati wa vita kwa sababu ya pombe ya ndizi, ghafla alijibu maswali yote ya katekisimu bila kukosea, akanitaja mimi. Mtoto wa Constantin akaitwa Philémon, binti wa Télesphore akaitwa Philomène, na Théodore akaomba aongezewe Philémon mbele ya jina lake. Padri alinisimamisha mlangoni pa kanisa akaniuliza: «Huko depo Mkristo ni wewe peke yako?»

Sasa Théodore ananiita papa mbele za watu. Juzi alinifuata langoni akaniambia: «Papa, mutoto wako iko na njaa ya sigara.»

Unaweza kucheka, Maman, lakini mimi nitasema ukweli wangu, nilifurahi. Nilijua wanachotaka na bado nilifurahi. Agnès ananiita baba Philémon, ananiwekea bugali na nyama kabla ya mume wake, na yule mtoto mdogo alinishika kidole akalala nacho, nikakaa mpaka mkono ukafa ganzi, sikutaka kumwamsha, maana yeye hana habari ya rangi wala ya depo.

Jumapili iliyopita kulikuwa na karamu kwa Constantin, wakanikalisha kwenye kiti cha heshima kilichofunikwa kitambaa. Kitambaa kiliteleza. Niliposimama kushukuru, kiti kilikuja na mimi, ikabidi Télesphore avute kiti, Constantin avute mimi, na mtoto wangu mwenye masharubu ashike mlango, na tulipoachana na kile kiti suruali yangu, ambayo ndiyo hiyo moja, ilikuwa na mistari ya kijani ya madaraja nyuma kama mkeka.

Kesho yake Bwana Hapana alitembea nyuma yangu kupanda mlima. Juu akauliza: «Philémon, jana ulikaa wapi?»

«Chini, bwana.»

«Udongo wa Bukavu ni mwekundu.»

Nikavuta shati lifunike suruali. Akasema hataniuliza tena njiani, ataniuliza Jumatatu inayofuata, mezani, na jibu langu litaandikwa na kwenda Léopoldville.

Habari ilifika depo kabla yangu. Jioni ile Constantin akaleta suruali, akaniambia ile ya zamani niichome. Télesphore akaleta suruali. Théodore akavua ya kwake akanipa, akabaki analinda lango la Leta na kaptula. Sijapata kuwa na suruali nyingi hivi, na sina hamu ya kuvaa hata moja.

Na bado kuna jambo lingine linaloninyima usingizi. Jumamosi Bwana Shefu hutupeleka Nguba kukata majani kwake, na boti lake lina rangi ileile, linang'aa kama sahani ya misioni, nililigusa kwa mkono mzima na halinati. Yeye anasoma Kiflama. Constantin aliniambia kwa kinywa chake kwamba Bwana Shefu ndiye aliyefungua njia, akachukua yake ya kwanza, akawaambia wengine wachukue mabaki na wanyamaze. Bwana Hapana anatafuta vinavyonata, hatafika kwenye boti, basi watakaofungwa ni watu wa viti na mabanda ya kuku, na boti litakwenda kuvua.

Niseme nilikaa wapi? Nikisema, namfunga baba wa mtoto wangu wa ubatizo. Nikikataa, namdanganya mtu aliyenichagua kwa sababu sikuwa na mtu. Na habari ya boti nani atanisikia, mimi mbeba mifuko.

Wako anayengoja,
Philémon wa Shabunda

*

Philémon,

Kwanza vaa suruali yako ya zamani. Zile nyingine zifue, zikunje, uzirudishe kwa wenyewe kabla ya Jumatatu, ukianza na ya mlinzi, kwa heshima ya lango.

Majina yote katika barua yako nimeyabadilisha, ingawa sidhani itasaidia, maana Bukavu hakuna depo nyingine ambayo watu wake wananatana na viti. Mhariri aliniuliza mara mbili kama lazima boti libaki. Limebaki.

Sasa nikugombeze kidogo, halafu tufanye kazi. Mtu mwenye akili angeshtuka kwenye mtoto wa pili. Wewe ulingoja mpaka masharubu. Ulijua wanakununua, umeandika mwenyewe kwamba ulijua, na ukaendelea kufungua mdomo wanapoleta kijiko. Huyo mzungu alilowa mpaka soksi ili asiwe na deni la mwavuli, na wewe msaidizi wake ukawa unagawiwa familia nyuma ya stoo. Huoni kama ni kichekesho?

Lakini sikulaumu kwa kuona upweke. Kula peke yako Jumapili baada ya Jumapili kunaweza kumfanya mtu akubali kumbatiza hata kapita mwenyewe. Wa kulaumiwa ni wale waliokuona una njaa muda wote huo na hawakukuita mpaka walipokuwa na haja na macho yako. Agnès simhukumu. Mwanamke aliyemwekea mgeni nyama kabla ya mume wake, huenda yeye hakutumwa na mtu.

Haya. Usingoje meza ya Jumatatu kumwambia Bwana Hapana kwamba umekuwa na ndugu. Mtafute kabla, mwambie: bwana, ulinichagua kwa sababu sikuwa na mtu, sasa ninao, na hivi ndivyo nilivyowapata. Mtaje mmoja mmoja, na yule wa masharubu usimwache. Atakuondoa katika kutembea naye, na akuondoe, ni haki yake. Mkaguzi ambaye msaidizi wake anakula kwa anaowakagua, kazi yake yote inaweza kutupwa siku moja na mtu mwenye wakili. Kumwambia mapema ndiyo njia pekee iliyobaki ya kutomharibia.

Ukishatoka katika usaidizi, bado wewe ni shahidi, na shahidi anaruhusiwa kuwa na ndugu, mradi aseme anao. Akikuuliza ulikaa wapi, mwambie ulikaa kwenye kiti cha Constantin. Suruali imekwisha kusema, wewe unaitafsiri tu.

Habari ya boti, nisikilize vizuri. Najua unachoogopa. Mtu mweusi wa kubeba mifuko kumtaja mzungu mwenye nyumba Nguba si mchezo, na mtu anayekuambia usiogope hajawahi kubeba mifuko. Ndiyo maana usiseme depo, wala mbele ya Bwana Shefu, wala mbele ya karani wake. Mwombe mkaguzi akusikilize peke yako, mlango umefungwa, kama anavyowasikiliza wake za watu huko Bagira. Mtu huyu hakulala Nguba na hakula Nguba, na maneno yake hayapiti mikononi mwa Shefu wenu. Kama mtu wa namna hii naye hawezi kusikia habari ya boti, basi hizo hapana zake zote zilikuwa za kujitesa bure.

Na ukisema, sema ulichogusa. Usiseme «ameiba», hukumwona. Sema: rangi ni ileile, niliigusa, ni kavu. Kuna kopo moja linalokosekana kwenye rafu, na mkaguzi ameliona kabla yako. Mwachie yeye aunganishe, analipwa kwa hilo. Maneno aliyokuambia Constantin juu ya Bwana Shefu, hayo ni ya Constantin, ayaseme Constantin.

Kwa hiyo nenda kwa Constantin leo. Usimwendee na suruali tu. Mwambie: Jumatatu nitasema juu ya kiti, na wewe una siku moja ya kutangulia. Akienda mwenyewe kabla hajaitwa, akaeleza nani alifungua njia na nani aliwaambia wachukue mabaki, atasikilizwa tofauti na mtu aliyeburutwa. Sikuahidi kwamba hatafungwa. Alishika funguo. Lakini kuna tofauti kati ya kufungwa peke yako na kufungwa huku mwenye boti naye anatafuta wakili.

Atakuambia unamsaliti ndugu. Mjibu hivi. Kanisani Padri alikuuliza kama mtoto anamkataa shetani na kazi zake zote, na wewe ukajibu kwa niaba yake kwamba anamkataa. Hukusema «isipokuwa rangi». Wewe ni baba wa ubatizo wa mtoto, wa kiti cha baba yake si wewe. Baba yake akifungwa, ni wewe utakayepeleka unga kwa Agnès kila mwisho wa mwezi, na kumfundisha mtoto sala, na kumtafutia nafasi shuleni. Hiyo ndiyo kazi uliyoikubali ulipokuwa unafurahia nyama. Ukweli wako wa Jumatatu hauwezi kukuondolea hata robo yake.

Binti wa Télesphore mfundishe kutotukana. Théodore mwambie kwamba kwa umri wake yeye ndiye anayepaswa kukununulia wewe sigara.

Na ili usidhani nakusukuma mtoni mimi nikiwa ng'ambo: nilipokea barua yako nikiwa foyer, pale ninapofundisha wanawake kushona, nikaisoma, halafu nikaenda kuigusa meza ya kukatia nguo niliyoinunua Kadutu kwa bei ambayo ilipaswa kunishtua. Wanafunzi wangu wanalalamika kwamba vitambaa vinabaki juu yake, na mimi nikawa nawaambia wana mikono michafu. Nimewaomba radhi. Jumatatu nitaibeba mpaka kwa huyo Bwana Hapana na kumwambia niliinunua kwa nani. Tutaonana kwenye mstari, utanijua kwa sababu nitakuwa siwezi kuiweka chini.

Ukimaliza kusema, usirudi kambini kwenye sufuria yako. Nenda moja kwa moja kwa Constantin, upitie mlango wa mbele, kabla mtu mwingine hajawapelekea habari. Sema: nimesema. Usieleze zaidi. Agnès akikupa chakula, kula. Asipokupa, mwombe mtoto, umbebe hivyo hivyo na njaa yako, mpaka alale.

Domitille